Sukari Niliyokunyima

Mama Njeri,

Nakuandikia kutoka kitandani, hapa hapa mtaani Komarock, orofa ya nne. Miguu imekataa ngazi, na ugonjwa uliokuondoa wewe sasa umeshika ini langu. Dirisha lina vyuma, mlango una Njeri. Binti yetu ananitunza vizuri mno, na utunzaji huo ndio unaonibana.

Leo asubuhi nilimwomba sukari kwenye chai. Akacheka.

"Baba, si wewe ndiye ulitufundisha? Usianze ukora uzeeni."

Nikanyamaza, kama nilivyokunyamazia wewe.

Unakumbuka ilivyoanza. Ulipougua nilisoma kila nilichopata, mwalimu wa bayolojia mimi, nikakuta kwamba seli za saratani zimevaa sukari isiyo ya kawaida. Sikungoja kumaliza kusoma. Nilifungia kopo la sukari kabatini nikatangaza kwamba hicho ndicho chakula cha ugonjwa. Akina mama wa kanisa walipopanda kukuona, kila mmoja na paketi yake ya sukari kama ilivyo desturi, nilizikataa mlangoni. Ulijifunika uso kwa shuka.

"Mwalimu, nitilie hata nusu kijiko. Nani atajua?"

"Seli zitajua."

Siku hiyo ulicheka. Baadaye hukucheka tena. Ulikuwa humezi kitu ila chai, na hiyo chai uliinywa kwa kukunja uso, kwa sababu tu ni mimi niliyeileta.

Sasa niungame. Wiki tatu kabla hujatuacha niliyarudia yale maandishi, nikayasoma hadi mwisho. Protini zilizo juu ya seli hubeba minyororo ya sukari, kama matawi. Seli huijenga yenyewe, kwa maagizo ya jeni. Jeni zinazoleta saratani huyavuruga maagizo hayo: tawi moja linaongezwa, jingine linakatwa, ncha zinafunikwa, hadi walinzi wa mwili wanapita wakidhani wamemwona mwenzao. Na sukari ya kuijengea, seli huipata hata kwenye ugali. Kosa lilikuwa kwenye maagizo. Nusu kijiko chako hakikuwa na hatia yoyote.

Nilijua. Siku ishirini na moja nilikuletea kikombe kile nikijua, nikijiambia nitasema kesho. Ni mwalimu gani anarudi darasani kusema somo lote lilikuwa bure? Na darasa lenyewe lilikuwa limeshajaa. Kwenye matanga yako akina mama walipika masufuria ya chai bila sukari, kwa heshima yangu. Nilikunywa vikombe viwili.

Ningekufa na siri hii, Mama Njeri. Nilikuwa nimeshaamua. Lakini Mama Achieng wa orofa ya pili, yule mliyekuwa mkianika nguo pamoja, amepatikana na saratani. Njeri anashuka kwake kila siku kumfundisha. Alianza kwa kumwondolea sukari, akafuatisha ndizi mbivu, sasa ni uji. Jana aliniambia kwa fahari, "Amekonda, Baba, lakini anafuata."

Siwezi kushuka. Sina njia ila kupitia kwa Njeri, na nikimwambia kuhusu Mama Achieng, atauliza nimejua tangu lini. Atajua mama yake aliombaje, na nani alimnyima akiwa na akili timamu. Bado atanibadilishia shuka, hilo sina shaka. Ila sijui atanitazamaje, na sina mwingine wa kunitazama.

Nimemwita. Nasikia akizima jiko.

Nakuahidi jambo moja. Sitasema nilikosea, maana kukosea kulikuwa kwa majuma ya kwanza tu. Nitasema nilijua. Kisha nitamwomba ashuke orofa ya pili kabla ya chakula cha mchana, hata kama atashuka akilia.

Kwaheri, mke wangu. Sikuombi msamaha kwa barua, nitakuja kuuomba mwenyewe.

Njeri ameingia. Ameketi ukingoni mwa kitanda, ananiuliza ni wapi panapouma.