Kitambaa cha Kuteleza Ulichoniachia

Mama Mave,

Nakuandikia na hasira, univumilie. Niko ateliye yetu ya kushona, vumbi la kitambaa cheupe limenijaa puani.

Neema, binti yako wa kuzaa, amezaa. Mutoto mwanamuke. Alikuja mapema kuliko vile siye wote tulikuwa tunangojea, na Neema alipotoka hospitali, hata kabla ya kuketi, aliuliza: "Bulangeti ya mama iko wapi?" Ile uliyomuahidi. Kitambaa chake ulikileta mwenyewe kutoka Kasenyi, kimevuka ziwa toka Uganda, laini kama kifaranga. Ukakata vipande viwili, ukaviweka ndani ya kabati, halafu homa ikakuchukua. Hukuacha hata kipande cha kujaribia.

Basi nikakaa kushona. Mama, kile si kitambaa, ni samaki mubichi! Nalinganisha pembe, nachoma pini, napiga pedali. Nikifika mwisho, kipande cha juu kimetembea, kimezidi cha chini. Nafumua. Nyuzi zimejificha ndani ya manyoya, natafuta kwa vidole kama mutu anayetafuta chawa. Narudia, kinatembea upande mwingine. Pini zinaanguka. Kisha wembe wa kufumulia ukaniponyoka, ukatoboa tundu katikati. Nilikitupa ukutani. Nililia kwa sauti hata yule mama anayeuza ndizi mulangoni akaingia mbio, akidhani tumepata musiba mwingine.

Na kinachoniudhi zaidi ni weye. Ndiyo, weye. Miaka yote niliyokaa kando yako umenifundisha makoti, nguo za shule, libaya, zile blauzi za wamama wa kwaya. Lakini kitambaa cha kuteleza kikiingia tu, unaninyang'anya: "Lete hapa. Hiyo nitafanya mwenyewe, weye utaiharibu." Unabeba mpaka nyumbani kwako, kesho yake unarudi nacho kimenyooka. Ulikimbia vita toka Kpandroma na kichwa cha mashini mugongoni, hukuogopa risasi. Ukaogopa mikono yangu! Kwa nini hukuniacha niharibu ungali hai, ukiwa hapa wa kunigombeza?

Jana Neema alichoka kungoja, akakuja na mutoto. Akaona fujo. Akaona tundu. Mimi nikainamisha kichwa, nikingoja anitukane. Akakaa chini, akamulaza mutoto mapajani, akasema polepole: "Mama pia alikuwa anatukana hii kitambaa. Sana! Kule nyumbani alikuwa anashona yote kwa mukono kwanza, mishono mikubwa-mikubwa, ndiyo analeta ku mashini. Mara ingine anaharibu, analia. Hakupenda mutu aone."

Hakupenda mutu aone. Mama! Nilicheka, lakini si kicheko cha furaha. Kumbe ulikuwa unateseka kama mimi, na ukaniacha nidhani mikono yangu iko mibaya.

Tukashona kwa mukono, yeye upande wake, mimi wangu, mutoto akilia katikati yetu. Kisha nikapitisha mashini, taratibu. Bulangeti imetoka. Pembe moja imepinda. Juu ya tundu nimeshonea kiraka cha kitenge chako cha manjano, kile cha kwenda kanisani siku za Mungu. Weye ungefumua yote. Mimi pia nilitaka kufumua, Neema akanishika mukono: "Acha. Wacha ikae hivyo." Akamufunika mutoto, na mutoto, ambaye tumemupa jina lako, akatapika maziwa juu yake palepale.

Lala sasa, Mama. Hasira bado iko, sitakudanganya, na ninakutafuta kila mara mashini inapokataa. Lakini nakuahidi jambo hili: huyu Mave mudogo akiweza kushika sindano, nitamupa kitambaa kigumu kuliko vyote, na nitaketi karibu yake aone vile mimi pia kinanishinda. Akiharibu, tutafumua pamoja.

Mimi binti yako wa ateliye,
Esta