Shemeji Fundi na Vitundu vya Madirisha Yangu

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa ndani ya gari la kazini wakati wa mapumziko ya mchana, kwa sababu nyumbani siwezi tena kushika kalamu bila mtu kuuliza naandika nini. Naomba sana unijibu kabla ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, maana siku hiyo nimeita kikao cha familia na nimekusudia kumsimamisha shemeji yangu mbele ya wote na kumwambia kwamba ametuibia.

Mimi ni mkaguzi wa mizigo kwenye bohari, huu mwaka wa kumi na tisa, kazi yangu ni kusimama mlangoni na kuangalia katoni zinazoingia na zinazotoka, na si kujisifu lakini katoni iliyotobolewa naiona kabla haijashushwa, na ikishakuwa na tundu mimi siulizi mara mbili, najua kuna kitu kimetoka. Nyumba yetu iko mtaa wa mwinukoni ambako hali ya hewa haina adabu hata kidogo, asubuhi baridi inang'ata vidole, saa saba jua linapinda ndoo za plastiki, saa kumi upepo unakuja na mvua ya kulala inayopiga ukuta badala ya paa, na kuna miezi inanyesha mawe. Mbao za nje za kuta zilikuwa zimepinda na kuachana kama meno ya kizee, madirisha hayafungi mpaka uyapige ngumi, kwa hiyo mimi na mke wangu tukaamua kubadilisha vyote kwa pamoja, vibao vipya vya simenti kuzunguka nyumba nzima na madirisha sita ya alumini yenye vioo viwili viwili.

Kazi akapewa kaka wa mke wangu. Ni fundi, mtaani wanamwita Timazi, kwa sababu hata akija kukusalimia anaangalia kwanza kama mlango wako umesimama wima. Sikupinga, maana ukimpinga shemeji umempinga mke, ila nilichukua likizo ya siku nane, nikaweka kiti uani na daftari mapajani nikaangalia, na niliyoyaona ni haya. Kila yeye na vijana wake walipofika mahali pa kufunika ukuta alikuwa ananiambia, "Shemeji, hebu tuangalizie chai," nami nikirudi na birika nakuta ubao umeshapigwa misumari. Siku ya tano nikamwona anakunja ile karatasi nyeusi ya kuzuia maji inayotandikwa nyuma ya vibao, anaipakia kwenye pikapu yake. Nikamwuliza inakwenda wapi. Akasema, "Mabaki hayo, au unataka ukashone suruali?" Wote wakacheka, hata mimi nikacheka, lakini niliandika.

Kubwa kuliko yote ni matundu. Kila dirisha, chini kwa nje, lina vitundu viwili, ukihesabu nyumba nzima ni kumi na viwili, na chini ya ubao wa mwisho wa ukuta ameacha mwanya wa kidole kimoja pande zote nne. Nikamwuliza, "Hivi ni vya nini?" Alikuwa na skrubu mdomoni, akasema, "Viache vilivyo, mzee wa bohari." Nikasema viache kwa nini. Akasema, "Kwa sababu nimekwambia." Mshauri, nimefanya kazi mlangoni miaka kumi na tisa, hilo ni jibu la mtu anayeficha. Jumapili ile ile alipomaliza na kuondoka nilinunua silikoni nikaziba vitundu vyote kumi na viwili, na mwanya wa chini nikaukandika simenti mpaka mwisho, kazi safi ambayo yeye mwenyewe angeiona aibu.

Wiki iliyofuata ikaja mvua ya upepo. Chumba kinachopokea upepo ni cha mama mkwe, mama yao wawili, tunaishi naye tangu miguu ianze kumsumbua. Maji yalipanda ndani ya fremu yakamwagikia chumbani, kona ya godoro ikalowa, na kila mvua tangu hapo ni hivyo hivyo, sasa ukuta una madoa meusi na mama anakohoa. Aliniambia kwa upole, "Baba, dirisha langu la zamani lilikuwa na kelele, lakini halikuninyeshea."

Mke wangu akasema mpigie kaka aje aangalie. Nikamwambia siwezi kumwita mwizi aje akague wizi wake. Mpaka leo Timazi hajui, juzi kanikuta njiani, "Mzee wa bohari, nyumba inalalaje?" Nikamjibu, "Inalala." Lakini jirani yetu, nesi mstaafu, alikuwa amekubaliana naye ambadilishie kuta na madirisha ya nyumba yake yote kuanzia mwezi ujao, nami nikaona ni dhambi kunyamaza, nikamwambia juu ya ua, "Dada, fungua macho, huyo fundi anaiba ndani ya ukuta." Sasa anatafuta mwingine.

Mke wangu alipojua akasema, "Ukimsimamisha kaka yangu kama mwizi mbele ya mama, Jumamosi hiyo hiyo nitaondoka naye, na mama nitamchukua." Mama mkwe naye aliliona daftari mezani akaniuliza, "Na mimi umeshanihesabu, mkwe?" Na mimi sasa nimeanza kujiuliza mbona mke wangu anamtetea hivi, isije ikawa alijua tangu mwanzo.

Alhamisi mke wangu atampeleka mama kliniki. Nimempata fundi mwingine, wakitoka tu aje aubomoe ukuta wa chumba kile, nipige picha, ili Jumamosi niwe na ushahidi. Je, nifanye hivyo, au nimsimamishe tu kwa haya niliyonayo? Nyumba ni yangu na ndoa ni yangu, sitaki kupoteza hata kimoja.

Jicho Halilali

MSHAURI ANAJIBU

Jicho Halilali, pole kwa maji, na mama mkwe wako mpe pole yangu. Wewe kwa hayo mengine sikupi pole bado.

Mimi nami ni mtu wa kushuku, kazi hii imenifanya hivyo. Kila anayeniandikia huacha nje sentensi moja, na hiyo ndiyo ninayoitafuta. Wewe hukuiacha nje. Umejaza kurasa nne ukimsaka mwizi, na katikati ya ukurasa wa pili ukaandika kwa mkono wako mwenyewe ulichofanya na silikoni, ukajipigia makofi, ukapita.

Kwa kuwa sipendi kumwamini mtu kwa maneno, nilichukua barua yako nikaenda nayo kwenye dirisha la ofisi yetu, nalo ni la alumini, nalo lina vitundu viwili chini kwa nje. Nikamimina kikombe cha maji kwenye mfereji wa fremu. Yakatokea nje kupitia vitundu, yakateremka ukutani, mlinzi aliye chini akaangalia juu akaniuliza kama siku hizi nafulia kazini. Kisha nikaviziba vitundu kwa mkanda wa gundi, nikamimina tena. Safari hii yalijaa, yakapanda, yakamwagikia ndani juu ya barua yako. Ukurasa wa kwanza nimeusoma mara ya pili ukiwa umeanikwa.

Umeelewa? Mvua ya upepo haizuiliki yote. Kiasi huingia kwenye fremu, na vitundu vimewekwa ili kitoke. Mwanya ulio chini ya ubao wa mwisho una kazi hiyo hiyo, maji yaliyopenya nyuma ya vibao yateremke na ukuta upate hewa ukauke. Boharini kwako tundu maana yake kuna kitu kimetoka, na hapa pia kuna kitu kilitakiwa kutoka. Ukakifungia ndani, kikamwagikia godoro la mama wa watu. Na kabla ya Jumapili yako ya silikoni, barua yako haitaji hata tone moja lililoingia.

Wala usidhani Timazi nambeba. "Kwa sababu nimekwambia" ni jibu la kijeuri, na ugonjwa huo nimeupigia kelele kwenye safu hii mpaka wahariri wamenichoka. Fundi hasemi, daktari anaandika asichokisoma mtu, karani anakuambia njoo kesho bila kueleza kesho kuna nini. Wenye ujuzi wanaukumbatia kama mtoto mchanga, na sisi tusio nao tunajaza pengo kwa kubuni, na mtu mwenye hofu akibuni hazai malaika, anazaa mwizi. Maneno matatu tu, "vinatoa maji, shemeji," yangetosha. Angetoa skrubu mdomoni akayasema, leo mama yake asingekuwa anakohoa. Hilo ni deni lake na mwambie nimesema mimi.

Na karatasi nyeusi sijamsamehe pia. Yaweza kuwa mabaki, yaweza kuwa si mabaki. Mimi siko ndani ya ukuta wako na wewe ulikuwa jikoni na birika. Lakini hilo haliamuliwi na kikao, linaamuliwa na ubao mmoja.

Fundi wako wa Alhamisi mfute. Fundi anayeitwa kubomoa kazi ya mwenzake, huku akijua kwamba ikikutwa mbovu atapewa yeye, hajawahi katika historia ya dunia kuukuta ukuta mzuri. Wewe unayeshuku mpaka mke wako, huyo mgeni umemwamini kwa lipi? Halafu unataka kubomoa chumba cha mgonjwa akiwa kliniki, arudi akute nini, upepo?

Kuhusu mke wako "kujua tangu mwanzo", nakuomba uisome sentensi hiyo kwa sauti ukiwa peke yako garini. Watoto wawili walikaa chini wakapanga kumlowesha mama yao mzazi ili wapate karatasi. Ukimaliza kuisoma, ifute, na usije ukamtajia mkeo kwamba iliwahi kuandikwa.

Sasa sikiliza cha kufanya. Leo jioni mama ahamie chumba chenu pamoja na binti yake, na wewe ukalale chumba kile chenye madoa mpaka ukuta ukauke. Kesho kabla ya kazi chukua kisu chembamba utoe silikoni yako katika vitundu vyote, na hesabu unazijua. Simenti ya chini itoe taratibu usije ukavunja vibao. Mimina maji kwenye kila fremu uone yanakotokea. Kisha mpigie Timazi, mwambie maji yanaingia kwa mama na mwambie ulichofanya, vyote viwili katika simu moja, maana nakujua utatamani kusema cha kwanza ukasahau cha pili. Aje mchana kweupe, afungue mwenyewe ubao mmoja wa ukuta ule, wewe ushike upande wa pili. Safari hii chai aipike mtu mwingine. Karatasi ikiwepo, imekwisha. Isipokuwepo, mwulize hapo hapo ubao ukiwa mikononi mwenu, uso kwa uso, na mimi nitakuwa upande wako bila haya.

Kikao cha Jumamosi usikifute, watu umeshawaita. Utakayesimama ni wewe. Utaeleza vitundu ni vya nini, ni nani aliviziba, na kwamba uliposhuku ulimwambia jirani kabla ya kumwambia mhusika. Mke wako hatakwenda popote kwa sababu ya maji. Alisema ataondoka ukimfanya kaka yake mwizi, na mwizi huyo mpaka sasa yuko kinywani mwako tu na, nje ya nyumba yenu, masikioni mwa jirani mmoja.

Kwa hiyo kabla ya kisu, kabla ya simu, kabla ya kuhamisha godoro, nenda kwa nesi. Usiongee naye juu ya ua kama ulivyoongea mara ile. Zunguka, gonga mlango, mwambie ulikosea, na mwambie mpaka utakapofunguliwa ubao ule hakuna aliyethibitishiwa wizi. Nenda leo, na gari hilo la kazini, kama umebakiwa na dakika za mapumziko. Mke wako anaweza kukusubiri mpaka jioni. Nesi anatafuta fundi mwingine, na anaweza kumpata mchana huu.