Ondieki na Wapimaji wa Ardhi

Jumatatu, 3 Juni 1968

Wapimaji wamefika Birongo. Kila mtu atasimama kwa shamba lake, wazee wa kamati waulize, karani aandike mwenyewe ni nani. Nimewaambia watu sokoni: mimi Machogu nimeuza ndizi mpaka Kampala, nimebishana na polisi wa nchi mbili, karani hanitishi. Ninataka kitu kimoja tu — Ondieki, mdogo wangu, aandikwe kipande chake cha shamba. Ni mwanaume mzima, akili ndiyo ilibaki ya mtoto. Lakini kwa jembe anatushinda wote.

Kaka yetu mkubwa, Nehemiah, anasema kumwandika Ondieki ni kama kuandika ng'ombe. Nikamjibu, ng'ombe halipi kodi. Mwaka jana askari wa chifu walimfunga Ondieki kwa kutolipa kodi. Siku hiyo hakuna aliyesema ni mjinga.

Alhamisi, 6 Juni

Leo zamu yetu. Nilimvalisha koti langu, akawa kama diwani. Mzee Manasseh wa kamati akamwuliza, shamba hili la nani? Nilikuwa nimemfundisha aseme ni lake. Akasema, "La mama."

Kicheko! Nikawauliza, wazee, amekosa wapi? Kwetu shamba si hugawanywa kwa nyumba ya mama? Nyinyi mlipata wapi yenu? Manasseh akajikuna kidevu. Ni kweli, Machogu, lakini karani haandiki marehemu. Wala mtu asiyejijua.

Nikasema, anajijua. Mwulizeni jina. Hawakuuliza.

Jumamosi, 8 Juni — Sabato

Tumeimba vizuri, upendo mwingi. Nje ya kanisa Manasseh akanishika mkono: andikisha kipande chake kwa jina lako, wewe una roho nzuri. Nikamwambia, nina watoto sita, mzee. Nikifa, watamjua Ondieki? Akasema, basi usife. Akacheka peke yake.

Jumatatu, 10 Juni

Karani yuko barabarani anataka jibu. Nikikataa, shamba la Ondieki linaandikwa la Nehemiah, naye atamfukuza kabla ya mavuno. Nikikubali — Bonareri, mke wangu, tangu asubuhi anakiita kipande cha Ondieki "shamba letu la chini." Kwa sauti tamu kabisa.

Ondieki anapanda mkonge wa mpaka. Hakuna aliyemtuma. Ameniita: "Machogu, shika kamba upande huo. Nisije nikaingia kwako."

Nikamshikia. Akavuta, akapima kwa jicho, akarudi nyuma hatua moja. Kwake.

Nimeingia ndani, najifanya natafuta kofia. Karani anaita jina langu. Langu tu.