Shosho, Mkono Wangu Unaniogopesha

Mpendwa Shosho,

Niaje mrembo? Usinune, ni wewe uliyenizoesha. Kwa vile nilipewa jina la Guka, mume wako, tangu nikiwa wa kunyonya uliniita "muthuri wakwa", bwana yangu, na mama akitaka kunichapa ulimuuliza, "Unampigia nini mume wangu?" Mama alikosa pa kuweka kiboko. Mimi nikazidi kuringa.

Sasa sikia hii: bwanako amerudi shule. Ndiyo, yule yule aliyetoroka Form Two. Kila Jumamosi natoka Kimbo naenda Thika, darasa la watu wazima, na hesabu, Shosho, nazila kama githeri. Unakumbuka nikilia nazo jikoni kwako ukiniambia, "Kula kwanza, hizo namba hazina miguu ya kutoroka"? Kweli hazikutoroka. Ziliningoja kwa mjengo. Miaka yote hii nikichanganya simiti huko Membley, moja kwa tatu, moja kwa nne, kumbe nilikuwa nafanya uwiano bila kujua. Juzi mwalimu aliandika swali, nikajibu kabla hajaweka chaki chini. Darasa zima likageuka kuniangalia. Nilijikuna shingo kama mtu asiyejali. Nilijali sana.

Lakini kemia, Shosho. Kemia bado inanikimbiza.

Siku ile nilipokamulia ndimu kwenye magadi yako ya githeri, povu likaumuka mpaka likamwagika, nilikimbia hadi kwa ng'ombe. Ulicheka ukashika mbavu: "Ngai! Nimeolewa na mwoga!" Sasa najua ndani ya lile povu kulikuwa na hewa ile tunayotoa tukipumua. Ningependa kukueleza. Ungenituma kuni.

Jumamosi iliyopita tulipewa asidi kali tuizimue kwa maji. Kwa mjengo kila mtu anajua: simiti na mchanga kwanza, maji yanakuja mwisho. Mkono wangu haukuniuliza. Nikamwaga maji juu ya asidi. Ikachemka papo hapo, ikatema, na tone likamrukia Mama Njoki, tunayekaa naye benchi moja, chini kidogo ya jicho. Mwalimu alimvuta hadi kwa mfereji wa maji, akamwosha uso muda mrefu huku akinifokea, "Asidi ndiyo huingia kwa maji! Nimesema mara ngapi?"

Mama Njoki yuko sawa. Amebaki na alama nyekundu tu. Alinitania, "Kijana, si ungengoja niolewe kwanza ndio uniharibu sura?" Wote wakacheka. Mimi nilicheka na meno tu.

Kesho ndio mtihani wa lab. Nikianguka kemia, chuo cha ufundi hakinichukui, na nitazeeka nikibeba karai la simiti. Hapa Kimbo nimeshatangaza kwamba napata A. Nimemwambia kinyozi, nikamwambia mama wa chapati, hata mbwa wa keateka anayetunza ploti yetu ana habari. Hakuna anayejua kwamba tangu Jumamosi siuamini mkono huu wa kulia, hata glasi ya maji naishika kwa wa kushoto. Kuanguka naogopa, sikatai. Lakini zaidi naogopa kumtoa mtu jicho. Kichwa kimeshajifunza, mkono bado uko mjengoni, na sijui kesho ni nani kati yao ataamka mapema.

Sijamwambia mtu mwingine. Walio hai wana midomo.

Nikifaulu, nitakuja hapo shambani Witeithie ulipolala, nikuringie mpaka migomba ione haya. Nikikawia, usidhani nimekusahau. Nitakuwa bado natafuta uso wa kuja nao.

Pumzika, mrembo.

Mjukuu wako,
Kamau