Konde la Nyasi la Mjomba Enno

Des Moines, Iowa
12 Machi 1995

Mjomba wangu,

Shikamoo. Kifua je, kimetulia, au bado unakohoa na kusingizia vumbi? Sisi huku wazima, ila baridi imegoma kuondoka na gari langu linawaka likijisikia.

Nimebadilishiwa kazi ofisini. Sasa mimi ndiye mratibu wa mpango wa jimbo wa kuhifadhi ardhi kwa hiari. Najua utacheka, kwa hiyo cheka kwanza, halafu endelea kusoma. Kazi yenyewe ni hii: mtu mwenye ardhi ya asili kwenye shamba lake, iwe kinamasi, msitu au mbuga, anawekeana mkataba na jimbo kwamba ardhi hiyo haitalimwa wala kujengwa milele. Inabaki yake. Anaweza kuiuza, kuirithisha, kukata majani yake. Plau tu ndiyo haingii tena. Asiyetaka, hakuna wa kumsumbua.

Nimepewa ramani ya jimbo lote nitafute mbuga ambayo haijawahi kulimwa tangu dunia iumbwe. Vimebaki vipande vidogo vidogo, Mjomba, vya kutia huruma. Kimoja ni konde lako la nyasi nyuma ya ghala.

Siruhusiwi kushika faili la ndugu yangu. Ukitaka kuzungumza, atakuja mwenzangu Royce. Usipotaka, nitakuja Pasaka kula kama kawaida na hatutalitaja.

Mpwa wako,
Arlys


Shambani
2 Aprili 1995

Mpwa wangu Arlys,

Marahaba. Kifua kipo na mimi nipo, tunavumiliana. Ng'ombe wazima. Jirani yetu Harlan na mkewe Verla wanakusalimu, Verla anauliza lini utaolewa, nimemwambia akuulize mwenyewe kama ana ubavu.

Umenichekesha kweli. Nimekulea likizo zote kwa maziwa ya ng'ombe wangu, leo unaniletea serikali mlangoni. Juzi kwenye duka la ushirika walikuwa wanauzungumzia huo mpango wenu. Harlan akasema, "Ukishasaini na wale, kesho wanakuja kuhesabu soksi zako kabatini." Watu wakacheka mpaka wakamwaga kahawa. Na mimi nikacheka. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu.

Hapa hakuna aliyewahi kuniuliza kwa nini silimi konde lile. Babu yako hakulilima, hakusema kwa nini, na mimi sikumuuliza. Ndivyo tulivyo. Ila wewe nitakwambia. Mwezi wa sita wanakuja wale ndege weusi wenye mgongo mweupe, wanataga chini kwenye nyasi. Ninasubiri mpaka makinda wapate miguu ndipo nikate majani, na ninaanzia katikati kwenda nje ili wakimbilie pembeni. Wenzangu wote wanaanzia pembeni. Harlan amenitazama miaka yote anadhani sijui kuendesha trekta.

Sina mtoto. Nikifa, atakayenunua atalilima kabla maua ya kaburini hayajanyauka. Sasa nikuulize wewe. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?

Mjomba wako,
Enno


Des Moines
20 Aprili 1995

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima, Verla sina ubavu naye.

Swali lako limenikaa rohoni wiki nzima. Nikikwambia saini, haitakuwa hiari tena, itakuwa umenifurahisha mimi. Wewe ni mtu wa kunifurahisha, hilo ndilo linalonitisha. Kwa hiyo nitasema moja tu ambalo ninamwambia kila mwenye shamba: mkataba ni wa milele. Ukiamka mwakani umejuta, haufutiki. Mwambie Royce maswali yako yote, hata yale ya soksi.

Ombi langu dogo. Kama utaamua, waambie majirani. Au basi turuhusu tuweke vigingi vyenye kibao pembe nne za konde hata kabla ya sahihi, mtu ajue kwamba pale pana kitu.

Mpwa wako,
Arlys


Shambani
6 Agosti 1995

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku joto kali na mahindi yanapendeza. Mimi napumua kama mbwa mzee, lakini ni joto tu, usianze.

Royce wako alikuja. Nilidhani ataleta makaratasi, badala yake alipiga magoti kwenye nyasi akatambaa tangu asubuhi. Kila akiona mmea anautaja jina kama anamwamkia shangazi yake. Nimeishi na mimea ile miaka sabini na mingi sikuijua majina. Mchana akaja jikoni, akanywa chai vikombe vitatu na krimu bila kukoroga, kama desturi yetu inavyotaka, kwa hiyo kwao walimlea vizuri. Akasema kwa kaunti hii hakuna tena kama lile.

Nimekubali, Arlys. Hukunisukuma, usije ukajilaumu. Tutasaini Novemba nikishavuna, wakili ameshapangwa.

Vigingi sitaki. Nitachekwa mpaka nishindwe kwenda kununua misumari. Nikishasaini nitawaambia, maana hapo kucheka kwao hakutabadili kitu.

Mjomba wako,
Enno


Des Moines
16 Oktoba 1995

Mjomba wangu,

Pole sana. Jumapili nilikaa kando ya kitanda chako hospitalini lakini hukuamka, nikaongea na mirija. Daktari anasema moyo umejeruhiwa, ila ni mkaidi. Nikamwambia huo ukaidi ni wa ukoo.

Usiwaze mahindi yaliyobaki shambani. Harlan amenipigia simu, wenzako wote wanakuja na mashine zao kuvuna. Amesema, "Mwambie alale, kazi yake ni yetu." Nililia kwenye simu kama mtoto. Nikamwambia asanteni, fanyeni chochote mnachoona kinafaa.

Pona, tafadhali. Sina mjomba wa akiba.

Mpwa wako,
Arlys


Des Moines
5 Novemba 1995

Mjomba,

Shikamoo. Nesi amesema jana ulikula supu ukailalamikia, nikajua umepona.

Ninaandika kwa sababu kila nikija Harlan ameketi hapo, na hili siwezi kulisema mbele yake.

Jumamosi nilifika shambani. Matrekta yalijaa uani, wanawake wameandaa mikate ya nyama na pai mezani mwa ghala, watoto wanakimbizana. Mahindi yako yote yamevunwa. Kisha wakaona haitoshi, wakakulimia mashamba kwa ajili ya masika ili ukirudi usiwe na kazi. Harlan alinishika mkono akanipeleka nyuma ya ghala. Akaniambia, "Hata lile lililomshinda tumelimaliza. Udongo mgumu kama ngozi ya kiboko, ilibidi nilete trekta langu kubwa. Alikuwa anaona haya kuomba, mjomba wako."

Mjomba, konde la nyasi limelimwa. Lote, isipokuwa ile kona ya majimaji karibu na mfereji, trekta lilitaka kuzama wakaiacha. Udongo ni mweusi unang'aa, mizizi imegeuzwa juu inaninginia.

Verla akanitia sahani mkononi nikala pai nikiwa nimesimama, sijui ilikuwa ya nini. Walikuwa na furaha mno. Ni mimi niliyewaambia wafanye chochote wanachoona kinafaa. Nisamehe.

Royce ameondoa faili kwenye orodha ya Novemba. Niambie nifanye nini. Niwaambie?

Mpwa wako,
Arlys


Shambani
29 Desemba 1995

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimerudi nyumbani tangu mwanzo wa mwezi. Barua zako zote mbili nimezipata. Sikujibu kwa sababu sikuwa na neno ambalo ningetaka ulisome.

Harlan ndiye aliyenitoa hospitali. Hakupita barabara kubwa, alizungukia nyuma ili anionyeshe. Akasimamisha gari pale pale. Akawa ananitazama usoni, anasubiri. Arlys, yule mtu aliacha mahindi yake mwenyewe yananyeshewa akavuna yangu. Nikamshika bega nikamwambia asante, sijawahi kufanyiwa jambo kama hili. Na wala sikudanganya. Machozi yakamlenga, akajifanya anatafuta gia.

Alipoondoka nilikaa jikoni na koti langu mwilini. Nililia, sikuficha, nyumba ni yangu. Sijalia hivyo tangu mama afe.

Wewe usijilaumu. Ulisema ambalo mtu wa kwetu yeyote angesema. Na wao walifanya ambalo ningefanya mimi. Mwaka ule jirani yetu Tobe alipovunjika mguu, nani aliyelima shamba lake bila kumuuliza? Ni mimi na Harlan.

Usiwaambie. Akijua, kila akiwasha lile trekta atakumbuka. Kwa nini tuwe wawili wa kuumia?

Mjomba wako,
Enno


Des Moines
18 Februari 1996

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini unameza dawa na si kuwapa paka.

Nimekasirika, wacha nikwambie. Si kwako, wala si kwa Harlan, sijui hasa kwa nani. Ninaamka nimekasirika.

Royce hakukubali kuishia pale. Mpango una fungu jingine, la ardhi iliyokwisha kulimwa ambayo mwenyewe anakubali irudishwe. Kile kipande cha majimaji kimebaki na mbegu, zitakusanywa na kupandwa kwenye konde lote. Kamati imepitisha. Ila nisikufiche: itachukua muda mrefu kuliko umri wako na pengine kuliko wangu, na haitakuwa ile ile. Mkataba ni ule ule wa milele. Na majirani watakuuliza kwa nini hupandi mahindi kwenye konde walilokulimia. Utawajibu nini? Watakusema vibaya, na wewe ndiye uliyepoteza. Si haki, Mjomba.

Jingine. Royce anatakiwa aandike ardhi ilikuwaje, ilibadilikaje na nani aliyeilima.

Hiari ni yako, kama siku zote.

Mpwa wako,
Arlys


Shambani
10 Machi 1996

Mpwa wangu Arlys,

Marahaba. Theluji inayeyuka, uani ni tope tupu. Dawa nameza, paka hawazitaki.

Nimesaini Jumanne. Wakili aliniuliza mara mbili kama nina hakika, nikamwambia konde limeshalimwa mara moja, na mara ya pili sitaki.

Harlan alikuja jana na mbegu za mahindi kwenye gari, anataka kunipandia. Nikamwambia nimelitoa kwa mpango wa serikali, liote nyasi. Alizitazama zile mbegu. Kisha akasema, "Enno, tulikulimia ili liote majani?" Hakukasirika, na ingekuwa afadhali angekasirika. Alikunywa chai kikombe kimoja tu akaondoka. Sasa kwenye ushirika wanasema hospitali ilinirudisha nusu. Waache. Kesho nitakwenda kuketi nao kama kawaida, na Harlan atahama kiti kidogo nipate nafasi, namjua.

Mwambie Royce aandike kwamba mwenye shamba alilima. Shamba ni langu, plau ilipita, inatosha.

Sasa nisikilize, maana daktari wangu hana uso wa kudanganya. Nyasi zikianza kurudi, watu wa kwenu watakuja kuonyesha wageni na kueleza kulikuwa na nini pale na nini kilitokea. Harlan si mjinga. Atasimama pembeni asikilize, na ataelewa. Mimi nitakuwa sipo, kwa hiyo atakuja kwako. Huenda asiweze hata kuuliza vizuri.

Usimwache ateseke. Mwambie konde lile nilitaka lilimwe, miaka yote, ila trekta langu lilikuwa dogo. Mwambie nilikuwa nakaribia kumwomba.

Mjomba wako,
Enno