Majina ya Akina Mama wa Mawese

Jumamosi, 1 Machi 2003
Olivier, niliyesoma naye, amepanda minibus kurudi Bujumbura. Nimempa disketi ya programu yetu ya karakana—nani kaleta mawese, sabuni ngapi zimetoka—ampe mchuuzi wa samaki pale Magara, njiani. Juu nimeandika kwa wino mwekundu: Sabuni Alimasi. Mwaka jana alipoileta alisema haina mwenyewe: unaipata bure, unaifungua, unairekebisha, unampa mwingine bure. Kama enzi za sekondari, pale lycée, tukipokezana daftari moja watu wanne. Nilikuwa na furaha siku zile na sikujua.

Jumatatu, 3 Machi
Wamekuja watu watatu, mmoja na bunduki. Wanataka akina mama wanaotuletea mawese kutoka milimani. Eti wanalisha waasi. Mzee Alimasi, bosi wangu, akasema yeye anawajua kwa majina ya utani tu. Wakacheka. Mkubwa wao akaonyesha kompyuta. Atarudi Ijumaa kuchukua orodha.

Majina kamili yamo. Na kilima cha kila mmoja! Nafasi hiyo niliiongeza mimi. Ukiiacha tupu, programu inagoma. Nilijisifu nayo.

Jumanne, 4 Machi
Nimeifungua programu, nimeiondoa nafasi ya kilima. Kisha majina. Mzee ametoa daftari lake la zamani, bado linanuka mawese, akanisomea: Mama Kofia. Kicheko. Hana-Haraka. Bibi Mvua—kila akija inanyesha. Tulicheka mpaka mkewe, Mama Kadidja, akaja kutuchungulia.

"Hana-Haraka ni mama yako," Mzee akasema. "Alikuwa anafika tumeshafunga, wewe uko mgongoni, umelala."

Sikujua. Mama ana miaka sita kaburini. Nimemwandika naye, akae na wenzake.

Majina thelathini na moja. Hakuna hata moja la kwenye kitambulisho.

Alhamisi, 6 Machi
Nilikuwa nafua, nikasimama ghafla. Disketi! Nilinakili programu yote, na orodha ya zamani imo ndani. Ningeitoa orodha kwanza—kazi ya dakika mbili.

Benedicte anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, ametoka Magara. Nimemuuliza taratibu. Minibus ya Jumamosi ilisimamishwa njiani, vijana wakashushwa. Zaidi ya hapo hajui.

Ijumaa, 7 Machi
Wako uani, Mzee anawapa chai. Mkubwa wao alisoma orodha niliyochapa, mstari kwa mstari. Kwenye Bibi Mvua alitabasamu. Nikaanza kupumua. Kisha akatoa kitu mfukoni, akakiweka mezani.

"Dada, na hii iko na nini? Fungua."

Wino mwekundu. Mwandiko wangu.

Nilitaka kuuliza aliyekuwa nayo yuko wapi. Nimesema mashine inachelewa kuwaka, wanywe chai kwanza. Kila siku umeme wetu hukatika kabla ya saa nne, na kila siku naulaani. Sasa ni saa nne na nusu. Taa bado inawaka.