Pengo la Pigo la Saba

Mdogo wangu mpenzi, fundi cherehani,

Nimetimiza miaka sabini na minane, na meno kumi na moja bado yako kazini. Santuri zimekufa nikiziona, kaseti zimekufa nikiziona, wapiga gitaa wangu wawili nimewasindikiza, na yule daktari aliyesema sitafika sitini nilimzika mimi, tena mvua inanyesha. Kwa hiyo salamu hizi zinatoka kwa mtu mgumu. Wewe hujambo? Magoti je? Cherehani bado inakimbia, au siku hizi unaibembeleza? Usicheke mwandiko. Mkwe wangu alitaka kuniandikia, nikamnyima kalamu.

Kilichonikalisha mezani ni ile ngoma yetu ya umeme, kile kisanduku cha vitufe tulichonunua bendi ilipokosa mpiga ngoma. Juzi niliiwasha, ikatoa matoazi peke yake, chi-chi-chi, kama mtu anayenung'unika. Ngoma kubwa kimya. Mkwe akasema, baba, hicho ni cha kutupa. Nikamuuliza, akianza kutupa vya zamani humu ndani, ataanza na nani? Akarudi jikoni.

Nikafungua skrubu nane. Ndani mna betri ya duara kama kifungo cha koti, imevuja, na kutu ya kijani imeikata njia ya shaba ya ngoma kubwa. Kwa mtu kama mimi hiyo ni kazi ya kabla ya chai. Nikasugua kwa siki, nikafuta kwa spiriti, nikaunga palipokatika kwa waya mwembamba wa spika ya masikioni. Ngoma kubwa ikarudi, du! Paka amehamia kwa jirani.

Ikabaki betri yenyewe. Hiyo ndiyo inayoshika kumbukumbu ya midundo tuliyoibonyeza humo, na ule uliotupatia jina umo, ule wenye pengo kwenye pigo la saba. Betri ikitoka kabla nyingine haijashika nafasi yake, yote inafutika. Na mita ilionyesha imebakiza pumzi mbili.

Jirani yangu mtengeneza saa, aliyeniazima lenzi, akashangaa naogopa nini. Alisema, mzee, chomoa tu, mdundo si wako? Utaupiga tena. Kijiko, mpiga besi wetu, akacheka mpaka akakohoa. Akasema miaka arobaini nawaambia watu niliutoa kichwani, na kichwa si kipo?

Nikakataa katakata. Betri mpya iungwe ubavuni kwanza, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, ndipo ya zamani ikatwe. Siku tatu nilifanya mazoezi kwenye redio mbovu, maana mikono inatetemeka, sikufichi. Siku ya nne Kijiko akanishika kiwiko, mtengeneza saa akashika lenzi, mimi nikachoma lehemu. Nikakata ya zamani. Tukabonyeza.

Mdundo ukatoka mzima, na pengo lake.

Kijiko akaniuliza swali lake la siku zote, kwa nini pale pa saba niliacha pigo. Siku zote nilimjibu kwamba ni ufundi, hawezi kuuelewa. Safari hii ulimi ukaugomea uongo.

Nikawaambia, mdogo wangu. Nikawaambia kwamba mchana ule sisi tulikwenda kula, wewe ukabaki na gauni la mwimbaji; mguu unasukuma cherehani, kidole kinafuata mguu kwenye vitufe. Uzi ukakatika, mguu ukasimama, kidole nacho kikasimama. Nilirudi nikakukuta unatunga sindano. Jumamosi ile nikasema jukwaani kwamba mdundo ni wangu, nawe umekaa mstari wa mbele. Hukufungua mdomo. Nimekula sifa zako miaka yote hiyo, na nikanenepa. Ningechomoa betri, mdundo ungekufa na siri yake, maana mimi kuupiga siwezi. Nimejaribu mara mia. Nasikika kama mtu anayeanguka ngazini.

Kijiko anakuletea ngoma Jumamosi. Maandishi ya vitufe yamefutika, kwa hiyo cha kuanzishia nimekipaka rangi ya kucha ya mkwe. Vingine usiguse. Na usiirudishe, sitaipokea.

Msalimie shemeji na wapwa wangu.

Ni mimi kaka yako, fundi asiye na mpinzani. Asiyeamini amuulize Kijiko aliyenishika kiwiko, amuulize mtengeneza saa, amuulize mkwe aliyesikia yote toka jikoni. Na wote wakibisha, wewe uulize mguu wako wa kulia.